Nikuze Alivyoizunguka Rwentale na Kabingo

Wifi yangu anaitwa Nikuze, na kama hujawahi kumsikia, basi hujawahi kupita upande wetu wa Nyakakika siku ya Jumapili. Nasema hivi kwa majivuno na sitaki mtu anirekebishe. Nina haki. Ni mke wa kaka yangu Aristides, na siku alipoizunguka Rwentale na Kabingo nilikuwa nyuma yake mwanzo mpaka mwisho, nikihema na kulalamika, kwa hiyo ninachosimulia nimekiona kwa macho yangu na kukisikia kwa magoti yangu.

Rwentale na Kabingo ni milima miwili iliyokaa ubavu kwa ubavu, kama wake wenza wanaogombania ua mmoja. Rwentale ni mawe matupu, ukiupanda unatazama chini muda wote usije ukang'oa kucha. Kabingo ni nyasi na upepo, na ukifika juu asubuhi isiyo na ukungu unaiona Kyerwa upande wa pili, vilima nyuma ya vilima mpaka macho yanachoka. Katikati kuna bonde dogo lenye migomba, na ndani ya bonde hilo upo ua wa mzee Kahigi. Pikipiki zinaishia chini kabisa. Vijana wa bodaboda wa Ihanda, ninakoishi mimi sasa, ninawajua kwa ubishi wao, lakini ukiwatajia Rwentale wanazima injini na kukuuliza wamekukosea nini.

Kila mlima una kanisa dogo la Kilutheri, na makanisa yote mawili yanahudumiwa na mwinjilisti mmoja. Jumapili asubuhi anaongoza ibada Rwentale. Kisha anafuata mgongo wa mlima, anashuka bondeni, anapanda Kabingo na kuongoza ibada ya mchana. Baada ya hapo anateremkia upande wa pili, anafuata kijito mpaka anarudi alikoanzia. Watu wanaiita njia hiyo mzunguko, hawana haja ya kuongeza neno lingine. Mwinjilisti wa zamani aliifanya kazi hiyo mpaka magoti yakamkatalia, akastaafu, na nafasi ikabaki wazi.

Nikuze aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikitaka. Alikuwa amesoma chuo cha Biblia na kumaliza, huku ana watoto na kibanja cha kulima. Alikuwa amefundisha shule ya Jumapili mpaka wanafunzi wake wa kwanza wakamletea watoto wao awafundishe. Anahubiri kwa Kiswahili, akikolea anaingia Kinyambo, na akiwa nyumbani anakemea watoto anatumia Kinyarwanda, na hapo hata mbuzi wanatulia.

Katika kikao cha baraza la wazee wa kanisa hakuna aliyebisha kuhusu mahubiri yake. Aliyesimama ni mzee Egbert, mtu mrefu, mkavu, anayesema maneno machache na kuyasema yote kama anatoa hukumu.

"Neno analo," alisema. "Miguu je?"

Ikaamuliwa apewe Jumapili moja. Aongoze ibada zote mbili, atembee mwenyewe, na ibada ya Kabingo ianze kabla ya saa tisa alasiri. Ikipita hapo watu wanakwenda kukata majani ya ng'ombe na kuteka maji, na kanisa linabaki na popo. Akishindwa, ataitwa mwanamume kutoka usharika mwingine, na habari za Nikuze kuwa mwinjilisti zitakuwa zimekwisha. Egbert mwenyewe atakuwa Kabingo kumpokea.

Aristides aliponieleza kwa simu nilipandwa na hasira mpaka nikamwaga chai. Yule mzee aliyestaafu hakupimwa miguu hata siku moja! Na zipo Jumapili ambazo watu wa Kabingo walimngoja mpaka wakazimaliza tenzi walizozijua na kuanza wasizozijua. Nikamwambia kaka yangu anipe Nikuze.

"Wifi, watu hawa wanakudharau," nikamwambia. "Nakuja huko, niongee nao."

"Wifi, njoo, lakini usiongee," akanijibu. "Wametaka miguu. Nitawapelekea miguu."

Sasa lazima nieleze kwa nini alijiamini hivyo, maana hakuwa anatamba. Baba yake, Niyitegeka, na mama yake, Nyirabageni, walikuja kutoka Rwanda wakiwa vijana, wakawa vibarua wa kulima na kuchuma kahawa. Niyitegeka hakuwa na shamba la kwake kwa muda mrefu, kwa hiyo aligawa siku yake. Asubuhi alilima vibanja vya Rwentale, mchana akavuka kwenda kulima vya Kabingo, jioni akarudi kwa njia ya kijito na jembe begani. Nikuze alipopata nguvu ya kushika mpini alimfuata. Kwa hiyo mzunguko ule aliujua kabla hajajua kusoma. Miguu yake ilikulia kwenye njia ile.

Alipoolewa kwetu kuna waliosema Aristides ameshindwa nini mpaka aoe mtoto wa kibarua. Ninawajua kwa majina, lakini leo si siku yao. Nitasema tu kwamba mama yetu alipolala kitandani mwisho wa maisha yake, watoto wake wa kuzaa tulikuwa tukifika na kuondoka, na aliyemwogesha kila siku alikuwa mtoto wa kibarua.

Basi nikafika Jumamosi na mfuko wa nguo na viatu vya raba nilivyoazima kwa binti yangu. Nikuze aliviangalia, akamwangalia mumewe, wote wawili wakajikaza wasicheke. Mimi ni mwanamke mnene na sioni aibu, lakini nilikuwa nimeapa kwamba hatakwenda peke yake. Kutembea naye hakukukatazwa. Walichokataza ni kubebwa.

Asubuhi nilimkuta Aristides jikoni, anamenya ndizi. Kaka yangu! Mtu ambaye akichota maji wanaume wenzake wanamuuliza kama mke amesafiri. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, kisu mkononi, utomvu umemjaa vidoleni, na alikuwa akimenya vibaya, anaondoa nusu ya ndizi pamoja na ganda.

"Nendeni," akasema bila kuinua uso. "Leo jikoni niko mimi."

Nikuze hakula kitu. Huo ni utaratibu wake tangu alipoanza kuhubiri: siku ya ibada haweki chochote kinywani mpaka amalize neno la mwisho. Akachukua Biblia, mwavuli na chupa ya maji ambayo ilikuwa ya kwangu, tukaanza kupanda.

Sitaeleza jinsi nilivyopanda Rwentale, kwa sababu nina watoto wanaoniheshimu. Wifi yangu alipanda bila kuvuta pumzi kwa nguvu, akikanyaga mawe yaleyale ambayo bila shaka aliyakanyaga nyuma ya baba yake, na kila mara alisimama kuningoja akijifanya anatazama mandhari. Tukafika. Kanisa lilikuwa limejaa. Alihubiri vizuri mno, nami nilikaa mbele kabisa ili kila mtu aone kwamba nimekuja naye.

Tatizo lilianza baada ya ibada. Mama mmoja alimleta mtoto mwenye homa aombewe. Bibi mmoja akataka asomewe zaburi kwa sababu miwani yake imevunjika. Wakaja na wengine. Mimi nikawa namvuta kitenge kwa nyuma, naye anautoa mkono wangu polepole bila kugeuka. Hakumkatisha mtu hata mmoja. Tulipoondoka jua lilikuwa limeshavuka utosi, na ikabidi tutembee mbio mbio kwenye mgongo wa mlima, kisha tuteremke bondeni kwa kujiegemeza kwenye fimbo.

Hapo ndipo tulipompita Kahigi.

Asiye wa kwetu lazima aelewe jambo hili. Huku kwetu mgeni akifika nyumbani, kabla ya chakula, kabla ya habari yoyote, anapewa kahawa ya kutafuna. Tunaiita kamwani. Ni buni zilizochumwa bado mbichi, zikachemshwa na majani yenye harufu, zikakaushwa, na zinakaa kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko. Mwenye nyumba anakufunulia, unachukua. Hata asiye na meno anachukua moja na kuishika mkononi. Ukishachukua, wewe ni mgeni wa nyumba ile, na hakuna mtu wa kukuuliza umetoka wapi wala wewe ni nani. Ukikataa, umesema nyumba ile si nyumba.

Mzee Kahigi alikuwa ameketi mlangoni kwake, kikapu kiko kwenye magoti. Njia inapita ukingoni mwa ua wake. Alituona, akainua mkono.

"Karibuni waitu!" akaita kwa heshima ya Kinyambo. "Kamwani hii hapa!"

Nikuze hakutoka njiani. Akapunga mkono huku anatembea.

"Asante mzee! Tunawahi ibada Kabingo! Tutapita siku nyingine!"

Tukapita. Mimi nilifurahi, sitaficha, maana nilikuwa nikilitazama jua kuliko kitu kingine. Nikamsikia mzee nyuma yetu akikifunika kikapu chake.

Tulipanda Kabingo kwa nguvu. Tulipofika karibu nusu, pale ambapo migomba inakwisha na nyasi zinaanza, nilisikia kengele ya kanisa ikigongwa juu, ule ukingo wa gurudumu la gari wanaoutumia kama kengele, na moyo ukanitulia. Tungewahi na muda ungebaki. Nikageuka kumwambia hivyo, nikakuta Nikuze amesimama. Anatazama chini bondeni.

"Nini?" nikamuuliza. "Umeumia?"

"Wifi, mimi narudi."

"Unarudi wapi?"

"Kwa Kahigi."

Nilidhani jua limempiga. Nikamkumbusha Egbert. Nikamkumbusha saa tisa. Nikamkumbusha kwamba mzee mwenyewe ni Mkatoliki, hata haji kwenye kanisa letu, na kwamba kesho anaweza kumpelekea sukari na kumwomba radhi vizuri. Nilisema mengi na sauti yangu ilikuwa juu.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema:

"Baba alipofika huku hakuna aliyemjua. Alikuwa na jembe na shati moja. Kila alikoomba kazi walimwonyesha shamba na kumwambia alime. Kahigi alimwita ndani ya ua kwanza. Akamfunulia kikapu. Baba alitusimulia jambo hilo mpaka anakufa, wifi, kwamba kabla hajawa kibarua wa mtu kwenye milima hii, alikuwa mgeni wa Kahigi. Halafu leo mimi nimevaa viatu, nina Biblia mkononi, nimempita kama kisiki. Nikifika huko juu nitawaambia watu nini?"

Akaanza kushuka.

Nilikaa chini kwenye nyasi. Nilisema maneno ambayo hayafai kusemwa karibu na kanisa. Nilimwona akiteremka, kitenge chake kinapepea, anakwenda haraka, na kila hatua aliyoshuka ilikuwa hatua ya kupandwa tena. Kazi aliyoitamani miaka yote ilikuwa juu, naye anaipa kisogo. Kisha nikasimama nikamfuata, kwa sababu ya hasira tu. Nilitaka awepo mtu wa kumlaumu njia nzima.

Kahigi alikuwa palepale mlangoni. Nikuze akaingia uani, akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, nimekupita."

"Nimeona," akasema Kahigi.

Mimi nilisimama pembeni nikihesabu pumzi zangu. Kisha mzee akakifunua kikapu polepole, akakisogeza mbele. Nikuze akachukua buni moja, akaifumbata katika kiganja cha mkono wa kulia.

"Sitaitafuna sasa, mzee, unisamehe. Siku ya kuhubiri siweki kitu kinywani mpaka nimalize. Lakini nimeipokea."

"Baba yako naye alikuwa mbishi hivyo hivyo," Kahigi akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Nyirabageni hajambo?"

"Hajambo mzee. Macho tu ndiyo yanamsumbua."

"Na watoto?"

"Hawajambo."

"Na Aristides?"

Nilikuwa karibu kulia. Aliuliza habari za kila mtu. Aliuliza za ng'ombe. Alinigeukia na mimi, akanifunulia kikapu, akauliza za Ihanda na mvua ya Ihanda na bei ya ndizi ya Ihanda, nami nikamjibu kwa adabu zote huku jua linateremka mbele ya macho yangu. Hatimaye Nikuze akaaga. Nikashukuru Mungu. Mzee Kahigi akaishika fimbo yake, akajiinua kwa shida, akasema:

"Nawasindikiza."

Mgeni aliyepokelewa anasindikizwa. Hukatai. Nikuze akasema "Asante mzee," akaanza kutembea pembeni yake, na mwendo wa mzee yule ulikuwa hatua moja na kupumzika, hatua moja na kupumzika. Nilijipa moyo kwamba ataishia ukingoni mwa kibanja, kama wafanyavyo watu. Akafika ukingoni. Akauangalia mlima. Akapita.

"Mzee, hapa panatosha," Nikuze akamwambia taratibu. "Huko ni mbali."

"Wewe umerudi kutoka mbali," Kahigi akajibu, akaendelea.

Kahigi huwa hapandi Kabingo. Watu wa bondeni wanamwona akienda misa siku za Noeli na Pasaka, tena kwa kushikiliwa. Kwa hiyo tulipopita kwenye ua wa kwanza, mwenye ua akatoka.

"Mzee, unakwenda wapi?"

"Namsindikiza mgeni wangu."

Yule mtu akamtazama Kahigi, akamtazama Nikuze, akaacha panga lake ukutani, akajiunga. Ua wa pili wakatoka mke na mume. Mbele kidogo kundi la akina mama waliokuwa wanaanika maharage. Hakuna aliyewaita. Kila mmoja aliuliza swali lilelile, akapata jibu lilelile, akaja nyuma yetu, na mmoja akampa Kahigi bega la kuegemea. Mahali pale nyasi zinapoanza, nilipokaa nikitukana, niligeuka nikaona msururu umejaa njia mpaka kwenye migomba. Nilisahau kulalamika. Nilisahau hata magoti.

Lakini saa tisa ilikuwa imepita. Kila mtu alilijua hilo.

Egbert alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa, simu mkononi. Baadhi ya watu walikuwa wameshaondoka na wengine wamekaa nje wakipungia nzi. Nikuze akamkaribia peke yake, sisi tukabaki nyuma.

"Mwalimu Nikuze," Egbert akasema. "Saa tisa imepita."

"Imepita, mzee. Nimechelewa. Nilimpita mzee Kahigi bila kuingia kwake, nikarudi."

Basi. Hakumtaja mtoto mwenye homa wala bibi wa zaburi. Mimi nilifungua kinywa nimweleze Egbert kila kitu, pamoja na maoni yangu juu ya baraza, Nikuze akanigeukia kwa jicho lile analowapa watoto wake, nikakifunga.

Egbert alimtazama Kahigi, ambaye alikuwa ameegemea fimbo, jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu. Akautazama msururu. Akairudisha simu mfukoni.

"Ingieni," akasema. Uso wake haukuonyesha chochote.

Mabenchi hayakutosha. Wengine walikaa sakafuni na vijana wakasimama madirishani. Kahigi walimweka mbele, Mkatoliki katikati ya wazee wa Kilutheri, naye akakaa kwa raha kabisa. Nikuze alihubiri habari ya Ibrahimu aliyekuwa ameketi mlangoni mwa hema wakati wa jua kali, akawaona watu watatu, akawakimbilia wasimpite. Hakujitaja. Alihubiri ngumi ya mkono wa kulia imefumba tangu mwanzo mpaka mwisho, na watu wa kule juu hawakujua kwa nini. Mimi na mzee Kahigi tulijua.

Baada ya baraka ukafika wakati wa matangazo. Egbert akasimama. Nilishika benchi.

"Baraza liliniagiza nitazame mambo mawili," akasema. "La kwanza ni saa. Amechelewa. Nitalisema kwenye baraza kama lilivyo, sitalipaka mafuta."

Nilimwangalia wifi yangu. Alikuwa ameinamisha uso, lakini mgongo wake ulikuwa umenyooka.

"La pili ni miguu," Egbert akaendelea. "Kutoka kwa mzee Kahigi mpaka hapa ni kupanda kutupu. Mimi nikipanda mara moja, kesho yake siamki. Yeye leo nimemwona nikiwa hapa mlangoni: alifika karibu na nusu, akashuka, akapanda tena. Kwa ajili ya mtu mmoja, tena si wa kanisa letu. Tangu nimekuwa mzee wa kanisa hili sijaona mwinjilisti aliyerudi nyuma kwa ajili ya mtu mmoja. Mimi niliuliza miguu iko wapi. Miguu nimeiona. Nitalisema na hilo, na nitalisema nikiwa nimesimama."

Hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kupiga makofi. Kahigi akaiinua fimbo yake.

"Na baraza lenu likimkataa," akasema, "mtuambie sisi Wakatoliki, tutamchukua."

Hapo kanisa zima lilicheka, na Egbert naye, jambo ambalo watu wa Kabingo wanalisimulia mpaka leo. Nikuze akamwendea Kahigi, akafumbua kiganja mbele yake. Ile buni ilikuwa imelowa jasho. Akaiweka kinywani akaitafuna, mzee akawa anamtazama mpaka alipoimeza. Mimi nililia bila kificho, nikajifuta kwa kanga ya mtu niliyeketi naye.

Baraza lilikaa katikati ya wiki. Egbert alisema alichoahidi, kwanza kuhusu saa, kisha kuhusu miguu, na baraza likampa Nikuze nafasi ile. Ndiyo maana Jumapili hizi ukipita kwetu unaisikia sauti yake kabla hujaliona kanisa.

Lakini siku ile hatukuwa na uhakika wa jambo lolote, na mzunguko ulikuwa haujakamilika. Vijana wawili walijitolea kumrudisha Kahigi bondeni. Sisi tukateremkia upande wa kijito, ile njia ya Niyitegeka ya jioni. Habari ilikuwa imeshatutangulia, sijui kwa simu au kwa watoto, maana kwenye kila ua watu walikuwa wamesimama na vikapu wazi. Nikuze aliingia kila ua. Akachukua buni moja kila mahali na kusalimia kama inavyopasa, na mimi sikumvuta kitenge hata mara moja.

Tulipokaribia nyumbani nilimwona Aristides amesimama kwenye njia ya kuingilia uani. Nikakumbuka kwamba sikumpigia simu. Hakujua mkewe amewahi au amechelewa, amekubaliwa au amekataliwa. Alikuwa amevaa shati la kanisani, na vidole vyake bado vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi. Mikononi alishika kikapu cha kamwani, kile cha mama yetu, ambacho kwa miaka yote tangu aolewe, Nikuze ndiye aliyekuwa akikibeba kuwapelekea wageni wetu.

Akakifunua. Akamsogezea mkewe kwa mikono miwili.

"Karibu mgeni," akasema.

Wifi yangu mwenye lugha tatu, hakupata hata moja.

"Wewe!" nikamfokea kaka yangu, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. "Hata hujauliza kama amekubaliwa!"

"Amezunguka?" Aristides akaniuliza.

"Amezunguka."

"Basi."

Nikuze akanyoosha mkono, akachukua mbili. Mimi nikachukua kiganja kizima, maana na mimi nilikuwa nimezunguka.